Kunguru Juu ya Pipa

Kijijini Multasuvanto mtu hahesabiwi kuwa mwenyeji kwa sababu amejenga nyumba, wala kwa sababu amemzika mtu wake nyuma ya kanisa. Anahesabiwa siku anapopewa jina. Jina hilo la pili hutolewa na wengine, na mwenyewe haulizwi. Taisto, mkuu wa zimamoto ya kujitolea, ni Taisto Bomba tangu siku alipoukimbilia moto wa ghala akiwa na kofia, buti na koti la kazi, na bomba la maji amelisahau nyumbani. Mwenyekiti wa chama cha kijiji ni Orvokki Kengele, kwa kuwa hajawahi kuongoza kikao bila kengele ya ng'ombe mkononi. Na mjane wa nyumba ya njano iliyo juu ya kidimbwi, pale mto unapopumzika kabla ya kuingia kwenye maporomoko, ni Hilkka Dirisha.

Ilpo Rautakorpi hakuwa na jina. Alikuja na mkewe kutoka mji wa Tampere, wakati nywele zake yeye Ilpo zilikuwa bado nyeusi. Sasa nywele zilikuwa nyeupe, mke amelala nyuma ya kanisa, na dukani bado aliitwa yule wa Tampere. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kompyuta, aliyejifundisha mwenyewe kwa kusoma na kukosea, na mtu wa namna hiyo huzoea kungoja jibu. Lakini akiwa peke yake jikoni alikuwa akijiuliza wangemwitaje, kama wangemwita.

Basi kila masika, baridi inapoisha, kijiji kile hubashiri siku ya barafu kuondoka. Wakati wa baridi kali pipa jekundu husukumwa hadi katikati ya kidimbwi na kuachwa pale. Kila mtu hutaja siku na saa anayodhani pipa litakwenda na maji. Aliyekaribia zaidi hupewa samaki mkubwa aliyekaushwa kwa moshi, na heshima ya kulisukuma pipa mwaka unaofuata. Samaki huliwa siku moja. Heshima husemwa mwaka mzima.

Hakimu alikuwa Hilkka. Dirisha la jikoni kwake ndilo pekee linaloliona pipa lote, na tangu alipoolewa alikuwa akikaa pale masika yote, soksi ya kufuma mapajani, akitazama. Kwa kuwa alikuwa hakimu, hakuruhusiwa kubashiri. Alilosema Hilkka ndilo lililokuwa.

Mambo yalibadilika kwenye kikao cha Februari. Orvokki aligonga kengele yake, akasema ana pendekezo la maendeleo.

"Zama si zile tena, mama Hilkka. Watu wetu wako Helsinki, wako Sweden, wengine Kanada. Nao wana haki ya kuliona pipa."

"Waniandikie," alisema Hilkka. "Nitawajibu kwamba lipo."

Watu wakacheka. Taisto akaona ni zamu yake.

"Na ukienda chooni, mama?"

"Bomba, mimi nikienda chooni barafu hunisubiri. Moto ndio haukukusubiri wewe."

Walicheka zaidi, lakini mikono ilipoinuliwa ikawa mingi upande wa maendeleo. Walikata shauri kwamba kamera itawekwa chini ya ukingo wa paa la sauna ya chama, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke pale ukingoni mwa mto, na picha zake zirushwe kwenye mtandao mchana na usiku. Na ili kusiwe na ubishi, wakaandika: barafu itahesabiwa imeondoka pale kamera itakapoonyesha imeondoka. Kisha Orvokki akauliza nani anaweza kuifanya kazi hiyo, na ukumbi mzima ukageukia kiti cha nyuma, alikokaa yule wa Tampere.

Ilpo alihisi masikio yake yakipata moto. Akasema anaweza.

Hilkka alivaa koti lake taratibu. "Basi na mimi mwaka huu nitabashiri kama wenzangu," alisema. "Na pazia la jikoni nitalifunga. Kazi si yangu tena. Nitatazama ukuta. Nao una mengi."

*

Kompyuta aliyoiweka Ilpo saunani ilikuwa kuukuu, imetupwa na shule, lakini ndani alikuwa ameiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, na kwa Linux kitu kuukuu hakina haja ya kuona haya. Hakutafuta programu moja kubwa ya kufanya kila jambo. Alitumia ndogo ndogo, akazipanga kama watu wanaopokezana ndoo. Ya kwanza ilichukua picha kutoka kwenye kamera. Ya pili iliandika tarehe na saa pembeni mwa picha, hadi sekunde. Ya tatu iliituma kwa yeyote aliyefungua kivinjari chake, awe jirani au awe Kanada. Kila moja ilijua kazi yake tu, na haikuuliza mwenzake kafanya nini. Ilpo aliona uzuri mkubwa katika mpango huo. Na kweli ulikuwepo.

Tatizo lilikuwa baridi. Usiku wa Machi kamera ilikuwa ikizimia kwa muda, kisha ikazinduka yenyewe. Wakati ikizimia, watazamaji waliona weusi mtupu, na waliouona walikimbilia simu.

"Bwana Ilpo, pipa halionekani!"

"Litarudi, mama."

"Litarudi lini? Niko Gothenburg, Sweden, nimeamka kwa ajili yake."

Orvokki naye alimpigia, kwa sauti ile ya kikao. "Bwana Ilpo, weusi huu unatuaibisha. Watu watasema tumerudi nyuma kuliko Hilkka."

Neno hilo lilimchoma. Siku hiyo hiyo Ilpo alikwenda saunani akaongeza amri moja kwenye programu ya kwanza: ukikosa picha mpya, toa ile ya mwisho. Ilikuwa amri fupi na nadhifu, na ilifanya kazi palepale. Weusi haukuonekana tena. Simu zikanyamaza. Kwenye sherehe ya Mei Mosi, watu wakiwa na mvinyo wa asali na maandazi yao yaliyosokotwa kama kamba, Orvokki aligonga kengele na kusema kwamba kamera ya Multasuvanto haijawahi kupepesa jicho, na aliyeifanya hivyo yuko hapa. Watu wakapiga makofi. Taisto alimpiga Ilpo bega, karibu andazi limtoke.

"Sisi tunakuita yule wa Tampere tu," alisema. "Ni aibu. Tutafikiria kitu."

Ilpo alirudi nyumbani akitembea wepesi, kama aliyepunguziwa miaka.

*

Siku chache baadaye, Jumanne mchana, kunguru alitua juu ya pipa. Alikunja mbawa, akageuza kichwa kidogo upande wa kamera. Na wakati uleule theluji iliyokuwa ikilegea juu ya paa la sauna iliporomoka yote kwa pamoja, ikapita na waya wa kamera.

Programu ya kwanza ilitafuta picha mpya, haikupata, ikatoa ya mwisho. Ya pili iliandika saa juu yake. Ya tatu ikaituma. Sekunde iliyofuata zikafanya vilevile, na iliyofuata, kwa uaminifu usio na mfano. Pembeni saa ilikimbia. Katikati kunguru alikaa.

Jioni hiyo barafu iliondoka. Haikuondoka kimyakimya. Ilipasuka, ikanguruma, ikapanda ukingoni na kuvunja gati la kuogea. Taisto alikuwa uani kwake akipasua kuni, akasikia kitu kama lori la mawe linamwagwa. Aliweka shoka chini, akatoa simu mfukoni, akafungua picha. Pipa lilikuwepo. Kunguru juu yake. Saa ilikuwa sahihi kabisa.

"Itakuwa jeshi," alimwambia mkewe. "Wanafanya mazoezi."

"Na maji yaliyoingia kwenye pishi la viazi?"

"Theluji inayeyuka, mke wangu. Ni masika."

Zamani, wakati kama huo, watu wangekuwa wanateremka kidimbwini kila siku na chupa zao za kahawa, wakisimama na kutikisa vichwa. Ni mwendo mfupi, hata kahawa haipoi. Lakini mwaka huu hakuna aliyeona sababu. Nani ateremke matopeni kutazama kitu anachokiona akiwa amekaa?

Usiku ulipoingia, picha ilibaki na mwanga wa mchana. Hilo nalo liliangaliwa na watu wengi, na wote walikuwa na maelezo. Usiku wa Mei huku kaskazini huwa mweupe, walisema wengine. Orvokki alisema hayo ndiyo matunda ya kununua kamera bora: inaona gizani. Alimpigia Ilpo kumpongeza.

"Sikujua kama ina uwezo huo," alisema Ilpo.

"Usijishushe, Bwana Ilpo! Ndiyo tabia yako."

Ilpo alikuwa mkweli, na alihisi kitu kikimkuna mahali fulani nyuma ya kichwa. Lakini sifa ni kama joto la sauna, aliyekaa ndani hana haraka ya kufungua mlango. Aliitazama picha. Saa ilikuwa inatembea. Kama saa inatembea, picha ni hai. Alijiambia hivyo yeye, aliyeitengeneza saa ile kwa mikono yake. Kisha akajimiminia kahawa.

Kufikia Jumatano mchana watu hawakuzungumza tena habari za pipa. Walimzungumza kunguru. Mbona hatingishiki? Ameganda miguu. Amefiwa na mwenzake. Mzee mmoja wa Kanada aliandika kwamba hajalia hivyo tangu alipohama. Mama mmoja wa Helsinki, Marjukka kwa jina, aliwakusanya watazamaji maelfu kwenye mtandao, akapiga simu kwa Orvokki, kisha kwa polisi, kisha kwa Orvokki tena.

"Ninyi watu mna moyo wa namna gani? Kiumbe anakufa mbele ya macho ya dunia!"

Orvokki aliposikia neno dunia, alichukua kengele. Alhamisi asubuhi, zimamoto na chama cha kijiji vilitoka pamoja kwenda kumwokoa kunguru.

*

Taisto alitangulia, amevaa suti ya mpira ya kuokolea watu kwenye maji baridi, akiburuta matopeni sleji, gari lisilo na magurudumu la kutelezea barafuni. Safari hii hakusahau kitu. Alikuwa na kamba, ngazi, blanketi, na kisanduku cha kadibodi alichokitoboa matundu. Nyuma yake watu kumi na kitu. Orvokki alishika simu yake mbele ya kifua kama kitabu cha nyimbo, akimtazama kunguru asije akazidiwa njiani. Ilpo alitembea kando yake. Mara mbili alitamani kusema kitu, na mara mbili hakujua ni kitu gani.

Walipopita nyumba ya njano, Hilkka alikuwa amesimama ngazini, anakung'uta zulia.

"Mnakwenda wapi na sleji, wanangu?"

"Kumwokoa kunguru, mama," alijibu Taisto. "Yuko juu ya pipa, katikati ya barafu."

Hilkka alilikung'uta zulia mara moja zaidi. "Ahaa. Basi muwe waangalifu. Barafu ya masika huteleza."

Wakamshukuru.

Kidimbwi kilikuwa maji. Maji meusi, mapana, yakienda zake bila haraka, na mabata maji wawili wakielea mahali pipa lilipokuwa. Vipande vya mwisho vya barafu vilikuwa ukingoni, vichafu kama sahani za karamu ya jana. Kamba ya sleji ilimponyoka Taisto.

"Lakini hapa lipo," alisema Orvokki.

"Lipo wapi?"

"Hapa. Tazama."

Akawaonyesha simu. Wakamzunguka wote, watu wazima waliozaliwa kwenye mto ule, wakaiinamia simu huku wameupa mto mgongo.

"Lipo kweli," alisema mmoja.

"Na kunguru yupo."

"Na saa ni ya sasa hivi. Ona, sekunde zinakwenda."

"Hivi tumefika penyewe?" aliuliza Taisto.

Ilpo hakuinama nao. Alikuwa ametazama juu, kwenye ukingo wa paa la sauna, ambako waya ulining'inia ukichezeshwa na upepo. Akaona yote kwa mara moja, hatua kwa hatua, kama mtu anayeisoma programu yake mwenyewe kwa macho ya jirani. Kamera, picha ya mwisho, saa, kivinjari. Hakuna aliyekuwa amesema uongo. Kila mmoja alikuwa amepokea ndoo na kuipitisha bila kuangalia kama ina maji.

"Waya umechomoka," alisema. Akaeleza, kwa sentensi chache.

Ndipo likatokea swali, nalo halikuwa la kunguru.

"Basi imeondoka lini?"

Orvokki alijikusanya, akanyoosha mgongo. "Uamuzi wa kikao uko wazi. Barafu itahesabiwa imeondoka pale kamera itakapoonyesha. Kamera haijaonyesha. Kwa hiyo kikatiba barafu ipo."

Walitazama maji. Mabata maji wakawatazama wao.

"Ina maana," alisema Taisto polepole, na akili ilianza kumwaka usoni, "itaondoka Ilpo akichomeka waya."

Ilpo alikuwa tayari ameushika, mkono umenyooka. "Ngoja!" Taisto aliruka na suti yake ya mpira. "Usichomeke! Ilpo, ndugu yangu, mimi nilibashiri kesho mchana. Waya umekaa siku zote hizo, ukikaa mpaka kesho utaumwa?"

"Achomeke sasa hivi!" alipaza mwingine. "Mimi nilisema leo asubuhi!"

"Wewe ulisema leo jioni, usitufanye wajinga."

"Ilpo wetu si mtu wa kuharakishwa," alisema mama mwenye duka, ambaye hajawahi kumwita kwa jina lolote. "Ilpo wetu aje kwangu kwanza anywe kahawa, kuna keki ya karafuu. Mpaka Jumamosi."

Ilpo wetu. Alisimama pale, waya mkononi, neno likimwingia. Ndilo aliloliwazia jikoni miaka yote hiyo, na sasa lilimjia bure, kutoka vinywa vingi kwa pamoja. Lilikuwa tamu, hakuweza kukataa. Angeweza kuchagua yeyote kati yao, na huyo angemwita wetu mpaka kufa. Kamera ingekuwa yake mwaka ujao, na mwaka wa baada yake.

Aliuachia waya ukaning'inia tena, akageuka, akapanda kilima kwenda nyumba ya njano. Wengine, kwa kukosa la kufanya, wakamfuata. Taisto na sleji yake.

*

Kwa Hilkka hakuna neno linalosemwa kabla ya kahawa. Waliketi, waliokosa viti wakasimama, Taisto akitiririsha maji kwenye zulia lililokung'utwa. Pazia la jikoni lilikuwa limefungwa kama alivyoahidi.

"Kosa ni langu," alisema Ilpo kikombe kilipofika nusu. "Wala si la waya. Niliiambia mashine, ikikosa cha kuonyesha, irudie kile cha mwisho. Niliogopa simu za watu."

"Na wewe ulikuwa wapi siku hizi zote?"

"Nyumbani. Nikitazama."

"Ukitazama nini?"

"Nilichokitengeneza mwenyewe."

Hilkka alimsogezea sukari.

"Mama, mimi sijui barafu iliondoka lini," alisema Ilpo. "Hakuna anayejua isipokuwa wewe. Tuambie, na kazi hii iwe yako kama zamani."

"Mimi? Mimi nilikuwa natazama ukuta."

"Macho hayana pazia, mama."

Uso wa Hilkka haukubadilika, ila kikombe kilichelewa kidogo kurudi kwenye kisahani. "Jumanne," alisema. "Redio ya jioni ilikuwa inasoma hali ya bahari, imefika Ghuba ya Bothnia upande wa kaskazini. Nilisikia inapasuka. Nikachungulia. Kuchungulia si kutazama. Pipa lilizunguka mara moja, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu likaenda. Kunguru akaruka. Yule mzima kuliko ninyi."

Mtu mmoja alishusha pumzi kwa ajili ya kunguru. Orvokki hakushusha.

"Lakini mama Hilkka, kwa heshima zote, mwaka huu nawe umebashiri. Ushahidi wako una maslahi."

"Nilibashiri Jumapili ijayo. Nimeshindwa vibaya. Wewe ulibashiri nini, Orvokki?"

Orvokki akatazama meza. Kila mtu alijua, maana alikuwa amelitangaza kwa kengele.

"Jumanne," alisema. "Jioni."

"Basi kula samaki wako, mwanangu. Kula polepole, ana miba."

Hakuna aliyecheka mpaka Taisto alipojaribu kuzuia kicheko na suti ikatoa sauti ya puto. Kisha wakacheka wote, na Orvokki mwishoni naye, ingawa si sana.

Wakati wa kuaga, Ilpo alisema ataishusha kamera leo hii. Hilkka akatikisa kichwa.

"Iache. Watu wa Kanada nao wayaone maji. Lakini ile amri yako ya kurudiarudia uitoe. Ikiwa haioni, iseme haioni."

"Itakuwa nyeusi, mama. Watapiga simu."

"Wape namba yangu." Alikwenda dirishani, akalivuta pazia hadi mwisho, mwanga wa mto ukaingia jikoni. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Haya, kwaheri, Ilpo Kunguru."

Wakalionja neno. "Ilpo Kunguru," alisema Taisto. "Ndilo hasa." Na mama mwenye duka akalirudia, na Orvokki, na kufikia mlangoni lilikuwa limeshazeeka kama majina mengine. Ilpo aliteremka ngazi na jina lake. Halikuwa lile alilolitaka. Lakini alijua vizuri kwamba mwenyewe haulizwi.

Saunani aliifuta ile amri, kisha akapanda juu ya benchi na kuuchomeka waya. Mbele ya macho ya maelfu, kwa sekunde moja, barafu yote ya Multasuvanto ilitoweka na pipa lake na kunguru wake, yakabaki maji meusi na mabata maji wawili.

Simu yake ililia kabla hajashuka kwenye benchi. Alikuwa Marjukka wa Helsinki, analia.

"Mmemzamisha! Nimeona kwa macho yangu! Nani mwenye kamera hiyo? Naongea na nani?"

Alifikiri kidogo. Aliona hana sababu ya kusema uongo.

"Ilpo Kunguru," alisema.

Simu ikakatwa.